Mnofu wa nguruwe wenye ganda la majani ya viungo: kuuoka bila unga na bila kuukausha

Nyama ya nguruwe haina wanga. Ndiyo maana anayeamua kupunguza wanga mezani hukimbilia mnofu wa kuoka mapema: unashibisha, na kipande cha kilo moja na nusu kinawatosha watu sita kwa chakula cha jioni. Kisha hufuata maelekezo ya kawaida. Paka viungo, tia ovenini saa moja na nusu, pakua. Mara nyingi kinachotoka ni ganda lililoungua, au lililolowa na kubanduka kisu kinapogusa, na ndani nyama kavu isiyomezeka bila mchuzi. Mchuzi wenyewe nao umefanywa mzito kwa unga wa ngano, na wanga uliokuwa unakimbiwa umerudi mezani.

Kosa si la oveni wala si la mpishi mvivu. Pishi hili limefunga pamoja mambo matatu yanayovutana. Ganda linataka joto kali na ukavu. Nyama inataka joto la taratibu. Nayo hofu yetu ya nguruwe inatuambia tuipike mpaka isibaki na tone la maji. Ukiyafungua mafundo haya moja moja, utaona kwamba ganda na nyama havipaswi kuiva kwa wakati mmoja. Nyama iive kwanza, ganda lifuate mwishoni.

Wanga huingia na vile vinavyoandamana na nyama

Chenga kavu za mkate, zile zinazotumika sana kutengeneza ganda, zina takriban gramu 70 za wanga katika kila gramu 100. Asali ya kupaka juu ina gramu 82. Unga wa ngano wa mchuzi una gramu 76 hivi. Ongeza haradali ya chupa iliyochanganywa na asali, michuzi tamu ya kuchomea nyama, au mnofu ulionunuliwa ukiwa umekwisha kutiwa viungo na sukari, na hesabu inapanda kabla hujagusa viazi. Vinavyouzwa kwenye chupa na pakiti visomwe lebo kila mara, kwa sababu sukari huwekwa hata mahali usipoitarajia.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba kuacha mkate hakuliharibu pishi hili. Katika jimbo la Toscana nchini Italia, mnofu wa mgongo wa nguruwe huokwa kwa jina la arista, na viungo vyake vya asili ni kitunguu saumu, rozimeri, chumvi na pilipili manga. Basi. Kusini mwa Roma, katika mji wa Ariccia, wapishi huoka porchetta, nguruwe mzima aliyetolewa mifupa na kujazwa viungo hivyo hivyo, na tangu 2011 jina la porchetta ya Ariccia linalindwa kisheria na Umoja wa Ulaya. Humo pia hakuna mkate. Kwa hiyo ukiacha chenga hupiki kitu pungufu. Unapika kama Waitaliano wanavyopika.

Hata hivyo mkate ulikuwa na kazi: kufyonza mafuta na kuleta ukakamavu unaosikika mdomoni. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mbegu za maboga zilizokaangwa kavu kidogo na kutwangwa zikabaki na chembechembe. Gramu 100 za mbegu zilizomenywa zina takriban gramu 11 za wanga, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi. Mnofu mzima unahitaji gramu 40 tu. Jibini kavu iliyokunwa inafaa pia. Karanga zinafanya kazi, ila ladha yake huyameza majani, nami huziacha kwa siku nyingine. Nazi siipendekezi hapa kwa sababu utamu wake unapigana na rozimeri.

Sasa sahani yenyewe. Mlo huitwa wa wanga kidogo, kwa kawaida, mtu akibaki chini ya gramu 130 kwa siku. Wanaofuata keto, mlo wenye wanga mdogo zaidi ya huo, hushuka chini ya 50. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi. Ukihesabu haradali, mbegu na kitunguu saumu cha ganda hili, hazifiki gramu 3 kwa kila mlaji. Maana yake kitakachoamua kama chakula hiki cha jioni kina wanga kidogo au kingi ni ugali, chipsi au ndizi vitakavyopakuliwa kando yake. Wengi husumbukia ganda na kusahau hilo.

Hapa pana tahadhari ya kweli. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi asipunguze wanga ghafla bila kuzungumza na daktari wake. Dawa ikibaki ile ile huku wanga umeondoka, sukari inaweza kushuka hadi kiwango cha hatari.

Hofu yenye sababu, na hofu iliyopitiliza

Kwetu Afrika Mashariki hofu ya nguruwe ambaye hajaiva haikuzuka bure. Kuna tegu wa nguruwe, Taenia solium, ambaye viluwiluwi vyake hukaa katika misuli ya mnyama ndani ya vifuko vyeupe vya nusu sentimita hadi sentimita moja. Wilaya za Mbulu na Mbozi nchini Tanzania, na Busia magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu ambako watafiti wamemchunguza sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya kifafa inahusiana naye.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya habari mbili. Ukila nyama yenye vifuko ambayo haikuiva, unapata tegu mkubwa tumboni. Kifafa hakitokani na hilo moja kwa moja. Kinatokana na kumeza mayai ya tegu yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono isiyooshwa, maji machafu au mboga mbichi. Mayai hayo ndiyo yanayoangua viluwiluwi vinavyosafiri hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, na kuikausha nyama ovenini hakumlindi. Kinacholinda jamii ni vyoo, nguruwe kufungwa bandani badala ya kuzurura, nyama kukaguliwa na tegu wa tumboni kutibiwa. Kinachomlinda mlaji mezani ni nyama iliyokaguliwa, iliyopigwa mhuri, na iliyopata joto la kutosha katikati.

Joto la kutosha ni lipi? Mei 2011 Idara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango chake kwa minofu mizima ya nguruwe kutoka nyuzi 71 za Selsiasi hadi 63, kwa sharti kwamba nyama ipumzishwe dakika tatu kabla ya kukatwa. Nyama ya kusaga ilibaki 71, kwa kuwa kilichokuwa nje kimechanganywa ndani. Viluwiluwi vya tegu havihimili nyuzi hizo 63, wala mnyoo wa trichinella aliyewatisha sana Wazungu na Wamarekani zamani. Mimi hulenga 68 hadi 70 baada ya nyama kupumzika. Hapo nafasi ya usalama ni pana na nyama bado ina maji yake. Kama nyama haina mhuri, au umeona vifuko, hakuna nyuzi za kujadili: usiinunue.

Ugonjwa mwingine unaotajwa sana, homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo daktari wa mifugo Montgomery aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na milipuko ya Kenya, huua nguruwe kwa wingi na kufilisi wafugaji. Hauwaambukizi binadamu.

Rangi nayo isikudanganye. Nyama inaweza kubaki na uwaridi ikiwa imevuka 71, na inaweza kugeuka kijivu kabla haijafika salama. Kipimajoto cha nyama chenye sindano ndicho chombo pekee kinachojibu swali hili. Kati ya vitu vyote vya pishi hili, hicho ndicho ningekinunua kwanza, hata kabla ya trei nzuri.

Kwa nini hukauka

Nguruwe tunaowala leo, hasa mbegu za Large White na Landrace zinazofugwa sana huku kwetu, wamezalishwa kwa vizazi vingi ili wawe na nyama nyingi na mafuta kidogo. Mnofu wa mgongo, ule mrefu unaopita kando ya uti wa mgongo, una mafuta machache sana ndani yake. Protini zake huanza kujikunja kwenye nyuzi 50 hivi. Zikipita 66, kundi jingine la protini linajikaza na kuyakamua maji kwa nguvu. Kwenye 80, umeshayapoteza. Hakuna mchuzi unaoyarudisha.

Bega ni habari nyingine kabisa. Lina mafuta na tishu ngumu za kuunganisha misuli, ambazo huyeyuka na kuwa utelezi mtamu zikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 80. Bega likitolewa kwenye 68 linatafunika kwa shida. Likiachwa mpaka 90, kwa saa tatu au nne ovenini kwenye 150, linachambuka kwa uma. Kwa anayeanza, au asiye na kipimajoto, ningesema achukue bega bila kusita. Ni la bei nafuu na linasamehe makosa. Mgongo unakatika vipande safi vyenye ganda la kijani pembeni, ila hauna msamaha. Wala usiuchanganye na sarara, ule mnofu mwembamba laini wa upande wa ndani, ambao huiva upesi mno kwa njia hii.

Kuna imani kwamba nyama ikikaangwa kwanza kwa moto mkali, ngozi yake hujifunga na kuzuia maji yasitoke. Ilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847 na bado inarudiwa jikoni. Si kweli, nyama iliyokaangwa hutoa maji kama nyingine. Moto mkali unaleta kitu kingine, rangi ya kahawia na harufu ile ya nyama choma, kutokana na mwitikio kati ya protini na sukari uliochunguzwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Mwitikio huo hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Sehemu yenye maji haivuki 100 mpaka maji yote yawe mvuke. Hiyo ndiyo sababu ganda la nyama iliyolowa halikakamai hata ukiliacha ovenini saa nzima: nishati yote inaishia kukausha maji, na huku nyama ya ndani inaendelea kukazika.

Jioni ya kabla, na jioni yenyewe

Mwambie wa bucha akuachie tabaka la shahamu la nusu sentimita juu ya mnofu. Ukifika nyumbani, chora shahamu hiyo kwa kisu chenye makali, mistari ya mshazari iliyoachana sentimita mbili, bila kugusa nyama. Pima chumvi: kwa kilo moja na nusu, gramu 18 hadi 20, yaani kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa. Isugue pande zote, ingia nayo kwenye mistari, kisha weka mnofu juu ya waya ndani ya friji, bila kufunika, usiku kucha. Hapo mwanzo chumvi huvuta maji nje, na dakika thelathini baadaye utaona matone juu. Ukiirudia asubuhi, matone hayapo. Yamerudi ndani na chumvi yake, na yatasaidia protini kushika maji wakati wa kuoka. Juu pamekauka, ukigusa kidole kinanata kidogo bila kulowa. Hali hiyo ndiyo unayoitaka.

Siku ya kupika washa oveni nyuzi 140. Weka mnofu kwenye waya juu ya trei, shahamu juu, na uoke bila majani yoyote mpaka katikati pafike nyuzi 55. Kwa kipande cha kilo moja na nusu ni dakika 70 hadi 90 hivi, lakini oveni hazifanani, na mnofu mnene huchelewa kuliko mrefu mwembamba wa uzito ule ule. Fuata sindano, usifuate saa.

Wakati huo tengeneza ganda. Majani ya vijiti vitatu vya rozimeri, ambayo katika miji kama Nairobi na Arusha utaikuta hata kwenye ua wa nyumba, thaimu kidogo kama ipo, konzi moja ya kotimiri au pasli, punje tano za kitunguu saumu, pilipili manga iliyopondwa papo hapo, ganda la limau moja lililokunwa, gramu 40 za mbegu za maboga na vijiko viwili vya mafuta ya zeituni. Twanga kwenye kinu badala ya kusaga kwa blenda. Blenda hutoa uji, na uji una maji. Unataka mchanganyiko mzito unaoshikana ukiubana mkononi. Usiongeze chumvi, nyama imekwisha kuipata.

Majani hayavumilii moto kwa usawa. Rozimeri na thaimu ni sugu. Kotimiri, pasli na mrehani hupoteza harufu na kuwa nyeusi haraka, na kitunguu saumu kilichopondwa huwa kichungu kikikaa kwenye moto mkali. Hilo ndilo kosa la maelekezo yanayokuambia upake kila kitu mwanzoni: viungo vyako bora vinateketea kwa zaidi ya saa moja. Vikipakwa mwishoni vinapata dakika 12 hadi 15 tu, na vinafika mezani vikiwa bado kijani.

Kwenye nyuzi 55, toa mnofu na upandishe oveni hadi 230. Futa mafuta na maji ya juu kwa tishu za jikoni. Paka vijiko viwili vya haradali isiyo na sukari, tabaka jembamba tu. Kazi yake ni kuwa gundi. Kisha bandika mchanganyiko kwa kiganja, ukikandamiza kwa uzito wa mkono, unene usiozidi nusu sentimita. Tabaka nene halikauki kwa ndani, na ndilo linalobanduka. Rudisha ovenini mpaka sindano isome 65. Toa, acha dakika 15 bila kufunika kwa foili, kwa sababu foili inafuga mvuke na mvuke utalilowesha ganda ulilolihangaikia. Joto la ndani litapanda lenyewe kwa nyuzi 3 hadi 5.

Wasio na oveni watumie sufuria pana nzito, waya ndani yake, na makaa chini na juu ya mfuniko kama wanavyopalia keki au wali. Mwanzoni makaa yawe machache pande zote mbili. Ukishabandika ganda, ondoa karibu makaa yote ya chini na ujaze juu ya mfuniko; ganda linahitaji joto la juu. Acha upenyo mdogo ili mvuke utoke. Asiyekula nguruwe atumie paja la kondoo lisilo na mfupa. Mpangilio ni huo huo.

Mchuzi usiwe wa unga. Mimina mafuta ya ziada kutoka kwenye trei, tia kikombe cha supu ya mifupa, kwangua yale ya kahawia yaliyoganda chini, chemsha yapungue nusu, kisha zima moto na ukorogee kijiko cha siagi baridi na nusu kijiko cha haradali. Siagi inaufanya kuwa mzito kiasi cha kutosha. Vidonge vya supu vya dukani huwa na chumvi nyingi, na vingine vina wanga na sukari.

Kando yake mimi huweka kabichi iliyokatwa vipande vinene na kuokwa kwenye mafuta ya trei ile ile, au sukuma wiki iliyokaangwa haraka, na kachumbari yenye ndimu nyingi kwa sababu shahamu inahitaji kitu kikali. Mchicha, bamia, koliflawa na parachichi vinaingia bila kuvuruga hesabu.

Kata mnofu kinyume na nyuzi za misuli yake, kwa kisu cha meno, vipande vya sentimita moja. Kinachobaki kiingie friji ndani ya saa mbili na kiliwe katika siku tatu au nne. Kesho yake kikate chembamba kikiwa baridi na ukile hivyo hivyo na kachumbari. Ukitaka kukipasha moto, kiweke kwenye mchuzi uliobaki, kwa moto mdogo, uuzime kabla mchuzi haujachemka.